Prokudin-Gorsky: Mkimbizi aliyebeba rangi za nchi yake kwenye vioo

SEPTEMBA 27, 1944, mwezi mmoja na siku chache baada ya jiji la Paris kukombolewa kutoka mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, alifariki dunia jijini humo mzee mmoja wa Kirusi mwenye umri wa miaka 81. Alikuwa ameishi nje ya nchi yake kwa miaka 26. Alizikwa katika makaburi ya Sainte-Geneviève-des-Bois, nje kidogo ya Paris, ambako wamelala maelfu ya Warusi wengine walioikimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya mwaka 1917.

Mzee huyo ni Sergei Mikhailovich Prokudin-Gorsky. Leo picha zake zinatazamwa duniani kote, na watu wengi wanapoziona kwa mara ya kwanza hawaamini kwamba zilipigwa kati ya mwaka 1905 na 1915. Nguo ni nyekundu kweli kweli, majani ni ya kijani, maji ni ya buluu, kana kwamba mpiga picha alipita pale juzi. Lakini jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hakuna hata kioo kimoja kati ya vile alivyoviacha chenye rangi. Vyote ni vyeusi na vyeupe.

Kisa cha mtu huyu kinatuhusu sisi tuliozaliwa au kusomea ukimbizini, na kinamhusu pia kila mwenye mkanda wa zamani wa picha ndani ya sanduku, ambaye hajui tena ampelekee nani amsafishie. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

Kijana aliyependa kemia

Prokudin-Gorsky alizaliwa Agosti 1863 katika jimbo la Vladimir, mashariki ya Moscow, katika ukoo wa watu wenye asili ya kikabaila. Alikwenda kuishi St. Petersburg, uliokuwa makao makuu ya Urusi wakati ule, na huko ndiko alikopata elimu na mapenzi yake ya kemia.

Mwaka 1890 alimwoa Anna Aleksandrovna Lavrova. Baba mkwe wake alikuwa mkuu wa kiwanda cha vyuma huko Gatchina, karibu na St. Petersburg, na kijana naye akapata nafasi katika uongozi wa kiwanda hicho. Walijaliwa watoto watatu: Dmitri, Ekaterina na Mikhail. Mtu mwingine angeridhika na maisha hayo, maana alikuwa na kazi, familia na jina.

Lakini yeye alivutwa na picha. Mwaka 1898 alijiunga na kitengo cha upigaji picha cha Chama cha Kifalme cha Ufundi cha Urusi. Mwaka 1901 alifungua studio na maabara yake St. Petersburg. Mwaka 1902 alisafiri hadi Ujerumani, akakaa majuma kadhaa kwenye chuo cha ufundi cha Charlottenburg, Berlin, kwa Profesa Adolf Miethe. Miethe alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa siku zile katika jambo moja gumu: kutoa picha ya rangi kwa kutumia dawa za picha nyeusi na nyeupe.

Aliporudi nyumbani, Prokudin-Gorsky hakuiga tu. Mwaka 1905 alitangaza dawa yake mwenyewe ya kuvifanya vioo vya picha vione rangi zote kwa uzuri zaidi. Kuanzia mwaka 1906 alikuwa pia mhariri wa jarida la Kirusi la wapiga picha wa kujifunza, akiwaelekeza watu namna ya kufanya kazi hiyo nyumbani kwao.

Rangi zinatokaje kwenye nyeusi na nyeupe?

Hapa inabidi tusimame kidogo ili tuelewane, kwa sababu bila kuelewa jambo hili huwezi kuelewa kazi ya mtu huyu.

Picha ya zamani, iwe ya kioo au ya mkanda, inafanyika kwa chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, chumvi hizo zinapata alama isiyoonekana kwa macho. Ukizitia katika dawa ya kusafishia, zile zilizoguswa na mwanga zinageuka kuwa punje nyeusi za fedha. Dawa ya pili inaondoa chumvi ambazo hazikuguswa, ili picha isiendelee kuwa nyeusi ukiitoa nje. Basi. Fedha inajua tu mwanga mwingi na mwanga kidogo. Rangi haizijui.

Mwaka 1861 mtaalamu wa Kiskoti, James Clerk Maxwell, alionyesha London njia ya kuizunguka shida hiyo. Kitu kilekile kinapigwa picha mara tatu. Mara ya kwanza mbele ya lenzi kunawekwa kioo chekundu, mara ya pili kioo cha kijani, mara ya tatu kioo cha buluu. Zinapatikana picha tatu nyeusi na nyeupe ambazo zinafanana lakini si sawa. Kitambaa chekundu, kwa mfano, kitaonekana cheupe katika picha iliyopita kwenye kioo chekundu, na cheusi katika zile nyingine mbili. Sasa chukua picha hizo tatu, zimulike ukutani kwa taa tatu, kila moja ikipitia kioo chake cha rangi, na uzilalishe moja juu ya nyingine. Rangi zote zinarudi.

Tatizo la wakati wa Maxwell lilikuwa kwamba dawa za picha ziliona vizuri rangi ya buluu peke yake. Nyekundu ilikuwa giza kwao. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukichanganya rangi fulani za kemia kwenye dawa ya kioo, kioo kinaanza kuona kijani na njano. Waliomfuata, akiwamo Miethe, wakasogea hadi kwenye nyekundu. Hapo ndipo Prokudin-Gorsky alipoingilia.

Kamera aliyotumia ilichukua kioo kirefu chembamba, upana wake karibu sentimeta 9 na urefu karibu sentimeta 24. Kioo hicho kilishushwa hatua kwa hatua nyuma ya lenzi, kikapokea picha tatu, moja chini ya nyingine: ya buluu juu, ya kijani katikati, nyekundu chini. Anayepigwa picha alipaswa kutulia kama jiwe mpaka zote tatu zikamilike. Ndiyo maana hadi leo ukitazama picha zake utaona maji ya mto yana michirizi ya nyekundu na buluu, au mtoto aliyetikisa kichwa ana kivuli cha kijani sikioni. Maji hayakungoja, na mtoto hakuvumilia.

Kutoka kwa Tolstoy hadi kwa mfalme

Jina lake lilivuma mwaka 1908. Mei ya mwaka huo alikwenda Yasnaya Polyana, kijijini kwa mwandishi mashuhuri Leo Tolstoy, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 80. Alimpiga picha amekaa kwenye kiti bustanini, shati la buluu, viatu virefu, ndevu nyeupe kifuani. Picha hiyo ya rangi ilichapishwa na kuuzwa kama kadi za posta sehemu nyingi za Urusi. Watu waliomjua Tolstoy kwa vitabu tu sasa walimwona kama mzee wa jirani.

Sifa zilifika ikulu. Mei 1909 Prokudin-Gorsky aliitwa Tsarskoye Selo kumwonyesha Mfalme Nicholas II na familia yake picha zake ukutani, kwa taa ya mwanga. Alikuwa na ombi lililokwisha kuiva kichwani. Alitaka kuizunguka dola nzima ya Urusi, kutoka Ulaya hadi Asia ya Kati, na kuipiga picha za rangi: makanisa, misikiti, viwanda, mito, reli na watu wa kila kabila. Lengo lake lilikuwa picha hadi 10,000 katika miaka 10. Picha hizo zingeonyeshwa shuleni, ili mtoto wa Kirusi aijue nchi yake hata kama hatatoka kijijini kwao.

Msomaji atakumbuka kwamba dola ile ilikuwa kubwa kuliko mtu anavyoweza kufikiri, na watu wengi ndani yake hawakuwahi kuonana. Mfalme alikubali. Alimpa usafiri na vibali. Kibali kimoja kilimruhusu kuingia hata sehemu zilizofungwa, na kingine kiliwaamuru maofisa wa serikali wamsaidie popote alipofika.

Behewa lenye chumba cha giza

Usafiri wenyewe ulikuwa behewa la reli lililotengenezwa maalumu, na ndani yake chumba cha giza. Kwenye mito alipewa meli na mashua. Alisafiri na wasaidizi, akiwamo mwanawe.

Wale waliowahi kufanya kazi ya studio watanielewa nikisema kwamba kazi ngumu ilikuwa humo behewani, si nje. Vioo vya kawaida vya wakati ule viliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, kwa sababu havikuiona nyekundu. Vioo vyake yeye viliona rangi zote, kwa hiyo vilitaka giza kabisa. Ilimbidi afanye kila kitu kwa kupapasa, na kuhesabu muda kichwani, tena katika joto la Turkestan au baridi ya Urals. Akikosea picha moja kati ya tatu, zile mbili nyingine hazina kazi.

Tena, serikali ilimpa usafiri lakini gharama za vioo na dawa zilikuwa zake mwenyewe. Akiba yake ilizidi kupungua mwaka hadi mwaka. Mazungumzo ya serikali kuununua mkusanyiko wake hayakufika mwisho. Wenzetu wanaofanya biashara ya mpakani wanajua hali hiyo: una karatasi zote zenye mihuri ya wakubwa, lakini mtaji unatoka mfukoni mwako.

Waliokaa mbele ya kamera

Mwaka 1909 alianza na njia za maji za Mariinsky, kaskazini. Huko alimpiga picha mzee Pinkhas Karlinskii, msimamizi wa mlango wa maji wa Chernigov. Maelezo aliyoandika yanasema mzee alikuwa na miaka 84, na ametumikia kazi hiyo miaka 66. Amesimama na koti lake la kazi, ndevu nyeupe, mwenye heshima zake. Kama si kioo kile, nani leo angejua kwamba aliwahi kuishi?

Mwaka huohuo, kando ya mto Sheksna, aliwapiga picha wasichana watatu wa kijijini wakimpokea mgeni kwa sahani za matunda ya porini. Nguo zao za waridi, kijani na zambarau zinang'aa kama zimetoka dukani. Alipita Urals, akapiga viwanda vya chuma na mji wa Yekaterinburg. Alishuka mto Volga.

Mwaka 1911 alikuwa Asia ya Kati, katika nchi ambayo sasa ni Uzbekistan. Samarkand alipiga picha soko la Registan: mchuuzi wa vitambaa amekaa katikati ya mali yake, hariri, pamba na mazulia yakining'inia, na muuza matikiti ameyapanga mbele yake. Mfanyabiashara wa leo akiitazama picha ile ataitambua kazi yake, maana hata namna ya kumkaribisha mteja kwa macho haijabadilika. Samarkand hiyohiyo alipiga picha ya watoto wa Kiyahudi wamekaa na mwalimu wao kuzunguka kitabu.

Katika Bukhara, mji ambao Waislamu wengi wanaujua kwa jina la Imamu Bukhari, alimpiga picha Amiri Alim Khan, mtawala wa huko. Amekaa kwenye kiti, joho la hariri la buluu lenye maua, kilemba cheupe, mkono juu ya upanga. Pengine hiyo ndiyo picha yake inayojulikana kuliko zote. Lakini hakuishia ikulu. Alipiga pia wafungwa wa gereza la Bukhara nyuma ya nondo, na mlinzi amesimama na bunduki. Amiri na wafungwa wake wakaingia katika sanduku moja.

Huko Chakva, katika Georgia ya leo, alipiga mashamba ya chai, wachumaji wanawake wa Kigiriki, na msimamizi wa kiwanda cha chai, Mchina aliyeletwa kwa ajili ya ujuzi wake. Sisi tunaoishi karibu na vilima vya chai tukiiona picha ile tunaiona nyumbani.

Kisha nchi ikaanguka

Mwaka 1914 vita kuu vilianza, na safari zikakatika. Prokudin-Gorsky aliwekwa katika kazi zilizohitajiwa na jeshi. Kazi yake ya mwisho kubwa ndani ya Urusi ilikuwa kupiga picha ujenzi wa reli ya Murmansk, kaskazini kabisa, ambako wafungwa wa vita wa Austria walifanyishwa kazi. Wapo kwenye kioo chake, wamesimama mbele ya mabanda yao.

Mwaka 1917 mfalme aliondolewa, na mwishoni mwa mwaka Wabolsheviki wakashika madaraka. Julai 1918 Nicholas II na familia yake waliuawa Yekaterinburg, mji uleule ambao mpiga picha wake alikuwa ameupiga kwa rangi zote miaka michache tu iliyopita.

Mwaka huohuo wa 1918 Prokudin-Gorsky alitumwa Norway kwa kazi, kununua vifaa vya kuonyeshea picha. Hakurudi. Wanaojua maisha ya ukimbizi wanajua kwamba wengi hawatoki nyumbani wakijua kuwa wanaondoka moja kwa moja. Mtu anafunga mlango, anamwachia jirani ufunguo, anasema atarudi baada ya wiki. Wiki inakuwa miaka.

Kutoka Norway alikwenda Uingereza, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaingia Ufaransa, kwanza kusini, baadaye Paris. Alijaribu kutengeneza sinema ya rangi. Hakufanikiwa kibiashara. Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa kwa mara ya pili na kupata binti. Wanawe wakubwa nao walifika Ufaransa, wakafungua studio ya picha Paris ambako mzee alifanya kazi pamoja nao.

Sehemu ya vioo vyake ilifanikiwa kutoka Urusi na kumfuata. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba alikuwa na vioo karibu 3,500. Vilivyofika mikononi mwa familia na kubaki ni 1,902. Vingine vilibaki nyuma na kupotea.

Katika miaka ya 1930, akiwa mzee sasa, aliacha kazi ya studio mikononi mwa wanawe. Yeye akawa anawakusanya vijana wa Kirusi wa Paris na kuwaonyesha picha zake ukutani. Vijana hao walikuwa wamezaliwa au kukulia ugenini. Walizungumza Kirusi nyumbani na Kifaransa shuleni. Volga walikuwa wakiisikia tu katika maneno ya wazazi wao. Kwa saa moja au mbili waliiona, na rangi zake.

Mpango aliompelekea mfalme mwaka 1909 ulikuwa kuwaonyesha watoto nchi yao. Mfalme hayupo, nchi ile haipo kwa jina lile, fedha hakuna. Lakini shule aliyoitaka ilifanyika, ndogo, ukimbizini. Mimi kama mwalimu niliyekaa darasani katika nchi ya watu, nikichora ramani ya nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga, sehemu hii ya maisha yake ndiyo ninayoiona kubwa kuliko ile ya ikulu.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Amiri Alim Khan wa joho la buluu naye alipinduliwa mwaka 1920, akakimbilia Afghanistan. Alifia Kabul mwaka 1944, mwaka uleule aliofariki mpiga picha wake Paris. Aliyepigwa na aliyepiga wote walikufa wakimbizi.

Vioo vinasafiri tena

Vita vya Pili vya Dunia vilipopita, warithi wake walibaki na masanduku ya vioo vizito ambavyo wachache walijua thamani yake. Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, ilivinunua: vioo 1,902 pamoja na albamu 14. Albamu hizo zilikuwa na picha ndogo za rangi ya kahawia ambazo Prokudin-Gorsky alizibandika kwa mpangilio wa safari zake na kuandika ni wapi na ni nini. Zaidi ya 700 kati ya picha hizo hazina vioo tena. Hizo zitabaki za kahawia daima.

Vioo vilikaa miaka zaidi ya 50 vikitazamwa na watafiti wachache. Kisha zikaja kompyuta. Mwaka 2000 maktaba ilianza kuviingiza vyote kwenye kompyuta, na mwaka 2001 yakafanyika maonyesho ya picha zaidi ya 100 zilizounganishwa kwa makini. Mwaka 2004 picha zote zikaunganishwa kwa programu maalumu. Kazi ya taa tatu sasa ilifanywa na mashine, na rangi ambazo mwenyewe aliweza kuziona tu katika chumba chenye giza zikafika kwa kila mwenye intaneti. Hata Warusi wenyewe walianza kwenda na picha hizo mkononi kutafuta mahali aliposimama, wakakuta makanisa mengine yamebomolewa na mengine bado yapo.

Somo la mikanda yetu

Sasa turudi nyumbani. Katika masanduku ya watu waliorudi kutoka ukimbizini kuna mikanda ya picha za rangi ambayo haijasafishwa. Harusi, mazishi, ubatizo, darasa la kambini. Ilipigwa katika miaka ya 1980 na 1990, halafu watu wakahama. Studio zilizokuwa na mashine za kusafisha rangi zimefungwa sehemu nyingi. Wengi wanadhani mkanda kama huo ni wa kutupa.

Si wa kutupa. Mkanda wa rangi, ukiuchunguza, ni ndugu wa kioo cha Prokudin-Gorsky. Ndani yake kuna tabaka tatu zilizolala moja juu ya nyingine, moja inaona buluu, moja kijani, moja nyekundu, na kila moja ina chumvi zilezile za fedha. Tofauti ni kwamba pembeni ya fedha kumewekwa kemia inayogeuka kuwa rangi ikikutana na dawa maalumu. Dawa hiyo, katika utaratibu unaojulikana kama C-41 ulioanza mwaka 1972, inataka joto la karibu nyuzi 38 na muda usiopotoka. Mwisho fedha yote inatolewa na rangi inabaki.

Mkanda huohuo unaweza kusafishwa kwa dawa za kawaida za picha nyeusi na nyeupe, kwenye joto la nyuzi 20, katika kopo la kusafishia, nyumbani. Dawa hiyo haiamshi rangi, lakini inaamsha fedha, na fedha ndiyo iliyobeba sura za watu. Utapata negativu nyeusi na nyeupe juu ya mkanda wenye wekundu wa chungwa, ambao ni wa kawaida kwa mikanda ya rangi. Kuichapisha kwenye karatasi ya kawaida ni kazi, kwa sababu karatasi hiyo inaona buluu na chungwa inaizuia. Lakini ukiiingiza kwenye kompyuta kwa skana, sura zinatoka. Kwa mkanda uliokaa miaka 20 au 30, ambao kemia yake ya rangi imechakaa, mara nyingi njia hii ndiyo ya kutumainiwa zaidi.

Yapo ya kuzingatia. Mkanda upakiwe kopo katika giza kabisa, pasipo hata taa nyekundu, kwa sababu ileile iliyomfunga mzee ndani ya behewa. Dawa iwe mpya. Jaribu kwanza na mkanda usio na thamani. Usichanganye vyombo vya dawa na vyombo vya chakula, vaa glavu, fungua madirisha mkanda ukishafungwa ndani ya kopo, na watoto wakae mbali. Na la muhimu kuliko yote: mkanda uliosafishwa hivi usiutie kabisa katika dawa ya mwisho ya picha za rangi, ile inayotoa fedha. Itaiondoa fedha, na kwa kuwa rangi haikuamshwa, utabaki na mkanda mtupu.

Jambo la mwisho tunaloweza kujifunza kwake halihitaji dawa wala kopo. Prokudin-Gorsky aliandika. Kila picha ilipata jina la mahali, na nyingine jina la mtu, umri wake na kazi yake. Vioo vilipita mipaka na mikono mingi, mwenyewe akafa, na bado tunajua kwamba yule mzee wa mlangoni mwa maji aliitwa Karlinskii. Wazee wetu wanaozijua sura zilizomo ndani ya mikanda na albamu zetu wanapungua kila mwaka. Kaa nao, shika kalamu, andika nyuma ya kila picha nani ni nani, wapi, na mwaka gani. Picha isiyo na rangi bado ni picha ya ndugu yako. Ile isiyo na jina, kizazi kimoja tu kikipita, itakuwa picha ya mtu asiyejulikana.